Kabati la jikoni na mikono midogo: Namna ya kuwakinga watoto dhidi ya sumu ya nyumbani

KATIKA nyumba nyingi jijini Nairobi, chini ya sinki ndiko ghala la kila kitu kikali. Huko ndiko huwekwa jiki ya kung'arishia nguo nyeupe, dawa ya kuoshea choo, kostiki soda ya kuzibulia mabomba, dawa ya mende na, kwa wale ambao bado hupikia stovu, mafuta taa. Mlango wa kabati hilo aghalabu huwa na kishikio tu, hauna kufuli wala komeo, na uko chini kabisa karibu na sakafu. Mtu mzima hulazimika kuinama ili aufikie. Mtoto anayetambaa huukuta mbele ya macho yake.

Hali hii huonekana katika maghorofa ya Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands, ambako makabati hujengwa pamoja na nyumba na mpangaji huyakuta yakimsubiri. Huonekana pia, kwa sura nyingine, katika vyumba vya kukodi vya Kawangware, Kangemi na Riruta, ambako jikoni ni pembe moja ya chumba na vitu hivyo hukaa chini ya kitanda, nyuma ya pazia au kando ya ndoo ya maji.

Ripoti ya kimataifa kuhusu ajali za watoto iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na UNICEF mwaka 2008 ilikadiria kwamba zaidi ya watoto 2,000 hufariki kila siku duniani kutokana na ajali ambazo zingeweza kuzuiwa. Katika ripoti hiyo, sumu pekee ilikadiriwa kuua zaidi ya watu 45,000 walio chini ya umri wa miaka 20 katika mwaka mmoja. Hapa nchini, uchunguzi uliofanywa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta umetaja mara kwa mara dawa za kuulia wadudu na kemikali za nyumbani, yakiwemo mafuta taa, miongoni mwa sumu zinazowafikisha wagonjwa hospitalini humo.

Ajali hizi nyingi hutokea nyumbani, mchana, mzazi au yaya akiwa hatua chache tu kutoka alipo mtoto. Je, mzazi afanye nini ili kabati la jikoni lisigeuke mtego?

Mtoto hula sumu kwa sababu gani?

Mtoto wa umri wa miezi saba hadi kumi huanza kutambaa. Akikaribia mwaka mmoja hujishikilia kwenye kitu chochote kilicho imara ili asimame, na kishikio cha kabati ndicho hasa kilicho katika kimo chake. Kati ya mwaka mmoja na miwili huanza kupanda: huvuta kigoda, huzifungua droo na kuzikanyaga kana kwamba ni ngazi.

Katika kipindi hicho chote, mdomo ndio chombo chake cha kuujulia ulimwengu. Kila anachokishika hukitia kinywani. Ladha mbaya haitoshi kumzuia, kwa kuwa kufikia wakati atakapoutambua uchungu huwa tayari amekwisha kumeza funda la kwanza. Isitoshe, mtoto huiga. Humwona mama akimimina kitu kutoka kwenye chupa, naye hutaka kumimina. Humwona baba akimeza tembe, naye huona kwamba tembe ni chakula.

Ndiyo maana makaripio pekee hayafui dafu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kulielewa neno "wacha", lakini hana uwezo wa kulikumbuka akiwa peke yake mbele ya chupa yenye rangi ya kuvutia. Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe, ili ajifunze kwa kuumia. Methali hiyo ina mahali pake, ila jeraha la kostiki soda halifanani na mkato wa wembe. Mtoto huyo anaweza kuishi miaka mingi bila kuweza kumeza chakula kigumu.

Hatari haziko sawa

Mzazi anayetaka kufunga makabati hana budi kwanza kujua ni nini hasa anachokifungia, kwa kuwa vitu hivi havitofautiani kwa majina pekee; vinadhuru kwa njia mbalimbali.

Mafuta taa ndiyo yanayoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani kwamba huharibu tumbo. Ukweli ni kwamba madhara yake makubwa yako kwenye mapafu. Mafuta hayo ni mepesi mno na hutiririka kwa urahisi, kwa hivyo mtoto akiyanywa na kupaliwa, au akitapika, kiasi kidogo hupenya kwenye njia ya hewa na kusababisha uvimbe wa mapafu. Funda moja linatosha kumlaza hospitalini.

Kostiki soda na dawa kali za kuzibulia mabomba huunguza. Huchoma mdomo, koo na umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni. Kidonda hicho kinapopona huacha kovu linalouziba mrija, na baadhi ya watoto hulazimika kurudi hospitalini mara nyingi ili upanuliwe. Wanaotengeneza sabuni nyumbani kwa ajili ya biashara huwa na kiasi kikubwa cha kemikali hii, na wanapaswa kuwa waangalifu maradufu. Dawa za kunyoosha nywele pia huwa na kemikali za jamii hiyo.

Dawa za kuoshea choo huwa na asidi. Nazo huunguza. Zikichanganywa na jiki hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na kukaba pumzi, kwa hivyo hazifai kuwekwa pamoja mahali zinapoweza kumwagikiana.

Jiki yenyewe, ile ya kawaida ya nyumbani, mara nyingi huleta kichefuchefu na mwasho wa koo ikimezwa kwa kiasi kidogo. Hata hivyo, ikiwa ni ile kali ya viwandani inayouzwa kwa kupimiwa, madhara yake huwa makubwa zaidi.

Dawa za wadudu na panya, hasa zile zinazochuuzwa katikati mwa jiji na sokoni zikiwa kwenye vijikaratasi au vichupa visivyo na maandishi, ndizo za kuogopwa zaidi. Sheria inaipa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu (PCPB) jukumu la kusajili bidhaa hizi na kuidhinisha maandishi yaliyo kwenye pakiti zake. Dawa isiyo na maandishi humnyima daktari nafasi ya kujua anapambana na nini.

Kisha kuna vitu ambavyo watu wengi hawavihesabu kuwa sumu. Tembe za madini ya chuma wanazopewa kina mama wajawazito kliniki, ambazo kwa mtoto hufanana na peremende, zinaweza kumuua akizimeza nyingi. Betri ndogo za mviringo zinazotumika katika mizani ya jikoni, rimoti na vifaa vya kuchezea zikikwama kwenye umio huanza kuuchoma ndani ya saa mbili. Mafuta ya kupikia yaliyo moto, viberiti na visu havihitaji maelezo.

Chupa ya soda yaponza

Kuna kosa moja ambalo likiondolewa hupunguza hatari kubwa kabla hata ya kununua komeo la kwanza. Kosa hilo ni kuweka kemikali ndani ya chupa ya kinywaji.

Katika mitaa mingi ya Nairobi, sabuni ya maji, jiki na mafuta taa huuzwa kwa kupimiwa. Mnunuzi hufika dukani na chupa yake, nayo huwa ile ya soda au ya maji ya kunywa iliyokwisha kutumika. Mafuta taa hayana rangi nzito, na kwa mtoto mwenye kiu yanafanana na maji. Sabuni ya maji ya rangi ya kijani au ya chungwa inafanana na sharubati. Mtoto hawezi kulaumiwa kwa kunywa kutoka kwenye chupa ambayo jana alipewa soda ndani yake.

Ni kweli kwamba mafuta taa yamepungua nyumbani. Katika sensa ya mwaka 2019, asilimia 7.8 ya familia nchini zilisema ndiyo nishati yao kuu ya kupikia, ilhali asilimia 23.9 zilitaja gesi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2018, serikali ilikuwa imeanza kutoza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na bei yake ikapanda. Lakini waliobaki wakiyatumia ni wale wenye kipato kidogo, wanaoishi katika vyumba vidogo, na wanaoyanunua kidogo kidogo kwa chupa. Hatari imebaki pale ambapo nafasi ya kuificha ni finyu zaidi.

Afrika Kusini ilikabiliana na tatizo hilohilo. Utafiti uliochapishwa nchini humo mwaka 1994 ulionyesha kwamba familia zilipogawiwa vyombo vya mafuta taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa urahisi, visa vya watoto kunywa mafuta hayo vilipungua kwa karibu nusu. Hakukuwa na dawa mpya wala hospitali mpya. Kilichobadilika ni kifuniko.

Wazo la kifuniko hicho lina historia yake. Katika mji wa Windsor, mkoani Ontario nchini Kanada, daktari wa watoto Henri Breault alichoka kuwatibu watoto waliomeza aspirini na dawa nyingine. Mwaka 1967 juhudi zake zilizaa kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha, ambacho leo kimeenea duniani kote. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kutumia vifungashio vya aina hiyo kwa dawa na kemikali hatari.

Vifungashio hivyo hupimwa kwa kuwapa watoto wa chini ya miaka mitano wavifungue. Kwa kipimo cha Marekani, angalau watoto 85 kati ya 100 wanapaswa kushindwa katika dakika tano za kwanza, na 80 waendelee kushindwa hata baada ya kuonyeshwa namna ya kufungua. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe inakubali kuwa wachache watafaulu. Hakuna kifuniko wala komeo lisilofungulika na mtoto milele. Kazi ya vifaa hivi ni kumchelewesha ili mtu mzima apate nafasi ya kufika.

Aina za makomeo na utendakazi wake

Makomeo ya kuwazuia watoto huuzwa katika maduka makubwa, katika maduka ya bidhaa za watoto na hata mtandaoni. Kwa jumla yanagawika katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni ndoano ya plastiki inayofungwa kwa skrubu upande wa ndani wa mlango. Mlango ukivutwa hufunguka kwa upana wa vidole viwili hivi kisha hukwama, na mtu mzima hupenyeza kidole na kuibonyeza ndoano ili uachie. Ni rahisi kuipata, lakini ina kasoro mbili. Ule upenyo unaweza kubana vidole vya mtoto, na mtoto mwerevu wa miaka mitatu huenda akagundua siri yake kwa kumtazama mama.

Kundi la pili ni komeo la sumaku. Lenyewe hujificha ndani kabisa, na mlango haufunguki hata kidogo mpaka sumaku maalumu ipitishwe nje, mahali palipo na komeo. Mtoto haoni kitu cha kuchezea. Hufanya kazi vizuri kwenye milango ya mbao au bodi ya unene wa kawaida, ila si kwenye milango ya chuma. Kasoro yake ni kwamba ufunguo ukipotea kabati halifunguki, kwa hivyo inafaa kuwa na funguo mbili na kuziweka juu, mbali na mtoto. Isibandikwe kwenye friji katika kimo chake.

Kundi la tatu ni mkanda wa kubandika kwa gundi, unaounganisha mlango na ubavu wa kabati. Unafaa sana kwa friji, pipa la taka na droo. Gundi hiyo hushika vyema ikiwa sehemu inayobandikwa imeoshwa mafuta na kukaushwa, kisha mkanda ukaachwa kwa takriban siku nzima kabla ya kuanza kuvutwa. Mvuke na mafuta ya jikoni huidhoofisha, hivyo ni muhimu kuukagua kila baada ya majuma machache.

Kundi la nne ni kipande cha umbo la herufi U kinachopitishwa kwenye vishikio viwili vya milango inayofunguka pande mbili. Hakihitaji skrubu wala gundi. Hata hivyo, hakifai kwa kabati la mlango mmoja.

Pamoja na hayo yote, kuna njia ya zamani ambayo fundi yeyote anaijua: komeo la chuma na kufuli dogo. Haipendezi machoni, lakini ndiyo imara zaidi na inapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, kuanzia katikati mwa jiji hadi Kangemi. Adui yake ni uvivu. Kufuli lisilofungwa kwa sababu "narudi sasa hivi" ni sawa na mlango ulio wazi.

Baadhi ya wazazi hufunga vishikio kwa kamba au kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Njia hiyo inaweza kusaidia kwa siku moja au mbili kabla ya kununua komeo, ila isitegemewe. Mtoto huvuta mpira mpaka unaregea, na kamba ndefu ni hatari nyingine kwa shingo yake.

Mwambie fundi mapema

Anayejenga au kukarabati jikoni ana bahati ya kulitatua suala hili kwenye mchoro. Mafundi wa samani walio kandokando ya Barabara ya Ngong huunda makabati kwa vipimo vya mteja, na ni rahisi zaidi kuomba kabati moja refu la juu lenye kitasa na ufunguo wakati mbao bado hazijakatwa kuliko kutoboa milango iliyokwisha kupakwa rangi.

Mambo manne yafaa kutajwa kwa fundi. La kwanza, kemikali zipangiwe kabati la juu, zaidi ya kimo cha macho ya mtu mzima, na chini ya sinki pabaki sufuria na ndoo. La pili, droo ya visu iwe na kitasa, na kila droo iwe na kizuizi ili isichomoke na kumwangukia mtoto. La tatu, mlango wa kabati la kemikali usiwe karibu na meko wala dirisha. La nne, kabati lolote lisilojengewa ukutani lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu.

Jambo hili la nne hupuuzwa mno. Mtoto akizivuta droo tatu kwa pamoja na kuzipanda, uzito huhamia mbele na kabati zima huanguka. Mwaka 2016, kampuni ya samani ya IKEA ilitangaza kuondoa sokoni nchini Marekani takriban makabati milioni 29 ya droo baada ya watoto kadhaa kufa kwa kuangukiwa. Tukio hilo lilihusu samani za chumba cha kulala, lakini kanuni ya uzito ni ileile kwa kabati la vyombo lililosimama peke yake sebuleni.

Kwa wapangaji, kizingiti huwa ni mwenye nyumba. Wengi huogopa kutoboa milango wasije wakakatwa amana wanapohama. Kwa hao, mikanda ya gundi na vipande vya U hutosha kwa makabati yenye vyombo vya kawaida. Kwa kemikali, suluhisho bora ni kuzihamishia juu. Vilevile si vibaya kumwandikia mwenye nyumba kuomba idhini ya kufunga komeo moja. Tundu mbili za skrubu kwenye ubavu wa ndani hazionekani, na zinaweza kuzibwa siku ya kuhama.

Pale pasipo na kabati

Ushauri mwingi kuhusu usalama wa watoto umeandikwa kwa ajili ya nyumba zenye jikoni tofauti. Familia ya watu watano inayoishi katika chumba kimoja Kawangware haina kabati la kufunga. Hata hivyo, mara nyingi ina kitu kilicho bora kuliko kabati: sanduku la bati la shule.

Sanduku hilo, linalotengenezwa na mafundi wa jua kali na kununuliwa kila mtoto anapojiunga na shule ya bweni, lina komeo na mahali pa kufuli. Mwanafunzi akimaliza masomo, sanduku hubaki chini ya kitanda likiwa limejaa makaratasi. Likisafishwa na kutiwa kufuli, hugeuka kabati salama la sumu kwa gharama ya kufuli tu. Ndani yake vinaweza kukaa dawa za hospitali upande mmoja na, katika sanduku la pili au ndoo yenye kifuniko kigumu, kemikali za usafi. Dawa za kumeza na za wadudu zisichanganywe.

Mafuta taa hayafai kufungiwa ndani ya sanduku pamoja na vitu vingine kwa sababu ya harufu na hatari ya moto. Hayo yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, lililoandikwa kwa rangi, juu ya rafu iliyopigiliwa ukutani mbali na stovu. Rafu ya ubao mmoja na vyuma viwili inatosha. Muhimu ni kwamba chini yake pasiwe na kiti, meza wala kitanda cha kupandia. Katika chumba kidogo hilo huwa gumu, na ndipo kiasi kinachowekwa kinapokuwa na maana: kununua mafuta ya siku moja ni salama kuliko kuweka lita tano chumbani.

Tahadhari kuhusu gesi

Katika maghorofa mengi, mtungi wa gesi huwekwa ndani ya kabati chini ya meko. Mzazi anaweza kushawishika kulifunga kabati hilo kwa nguvu zote ili mtoto asifikie vali. Hapo panahitajika busara. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja hutulia chini na kujikusanya ndani ya kabati lililozibwa. Kabati la mtungi liwe na matundu ya hewa sehemu ya chini, na komeo lake liwe la kufunguliwa haraka na mtu mzima bila kutafuta ufunguo. Mtungi ukiweza kukaa nje kwenye roshani yenye hewa, mahali mtoto hafiki, ni afadhali zaidi. Vali ifungwe kila baada ya kupika.

Kila mtu nyumbani ahusishwe

Komeo moja haliwezi kushinda mazoea ya watu wanne. Katika nyumba nyingi za jiji, anayefungua makabati mara nyingi zaidi ni yaya. Asipoelezwa kwa nini sumaku ile iko pale, ataiona kuwa usumbufu na kuliacha kabati wazi. Aonyeshwe, apewe ufunguo wake, na aelezwe hatua za kuchukua ajali ikitokea, kwa kuwa huenda yeye ndiye atakayekuwa na mtoto saa hiyo.

Wageni nao huja na mikoba yenye dawa. Nyanya anayetoka mashambani na tembe zake za shinikizo la damu ndani ya kifuko cha plastiki hana nia mbaya, lakini mkoba wake ukiachwa kwenye kochi ni kabati lisilo na mlango. Apokewe kwa heshima, na mkoba utundikwe juu.

Njia rahisi ya kukagua nyumba ni mzazi kupiga magoti na kutambaa kutoka sebuleni hadi jikoni. Kila kitu atakachoweza kukifikia kwa mkono akiwa katika kimo hicho, mtoto wake ameshakiona.

Ajali ikitokea

Hata katika nyumba yenye makomeo, ajali huweza kutokea. Dakika za kwanza ni za thamani, na makosa ya dakika hizo huzidisha madhara.

Usimlazimishe mtoto kutapika. Hii ndiyo kanuni kuu. Mafuta taa yakitapikwa huingia mapafuni; kostiki soda na asidi zikitapikwa huunguza koo mara ya pili. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi wala mafuta ya kupikia.

Ondoa kilichobaki kinywani na umsukutue mdomo kwa maji safi. Kemikali ikiingia machoni, yaoshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Ikimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na uoshe mwili. Kwa dawa za wadudu, anayemhudumia ajikinge mikono, kwa kuwa baadhi ya sumu hizo hupenya ngozi.

Mtoto akiwa hana fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe, na usimpe kitu chochote mdomoni.

Mpeleke hospitalini mara moja hata akionekana mzima. Dalili za mafuta taa, kama vile kukohoa na kuhema kwa kasi, zinaweza kuchukua saa kadhaa kujitokeza, na ndiyo maana madaktari humweka mtoto chini ya uangalizi kwa muda wa saa sita hivi hata kama hana dalili. Betri iliyomezwa haisubiri hata hizo saa sita. Huhitaji picha ya eksirei bila kukawia.

Beba chupa au pakiti yenyewe. Maandishi yaliyo juu yake yanaweza kumwelekeza daktari kuliko maelezo yote. Nambari za dharura 999 na 112 hupigwa bila malipo.

Mzazi ajue pia haki yake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mtoto aliyemeza sumu ni dharura, na ukosefu wa pesa mkononi haupaswi kumzuia mzazi kuingia katika kituo cha afya kilicho karibu zaidi kabla ya kufikiria safari ya hospitali kubwa.

Anayetaka kuanza leo jioni anaweza kufanya mambo matatu kabla ya kulala: amwage kila kemikali iliyo ndani ya chupa ya kinywaji au airudishe kwenye chombo chake chenye maandishi, atoe kila kitu kikali kilicho chini ya sinki na kukiweka juu, kisha afungie dawa zote za hospitali mahali pamoja. Komeo la kabati linaweza kununuliwa kesho, lakini haya matatu hayagharimu hata senti moja.